Minyoo Wekundu kwenye Tangi la Sebuleni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Fundi alisimama mbele ya tangi lake kwa dakika tano. Alisoma kipimajoto. Aliongeza maji yasiyo na chumvi, kufidia yale yaliyokauka. Kisha aliinama kuliangalia tumbawe lake.

Watu walimwita Fundi kwa sababu alitengeneza meno ya bandia. Alikuwa mwanamke wa vipimo. Alipenda kusema kwamba jino likizidi kwa unene wa karatasi, mgonjwa hafungi mdomo.

Tangi lilikuwa sebuleni, refu kama meza ya watu wanne, limejaa maji ya chumvi. Ndani mlikuwa na mawe, pampu mbili ndogo, samaki wawili wa rangi ya machungwa, na matumbawe. Tumbawe ni mnyama, ingawa halitembei. Lile kubwa la kijani alilinunua likiwa dogo kama kidole gumba. Alilitunza miaka sita. Sasa lilikuwa pana kama sahani.

Jumatatu moja tumbawe hilo halikufunguka. Lilikuwa limejikunja, na juu yake palikuwa na madoa yenye rangi ya kutu. Fundi alisogeza uso karibu na kioo. Madoa yalikuwa yanatembea.

"Wifi!"

Dada wa mumewe alitoka jikoni. Alikuwa ameishi nao mwaka mzima. Alifanya zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate, kwa hiyo mchana alikuwa nyumbani.

"Umetia nini humu?"

"Nami sijambo, wifi. Asante kwa kuniuliza."

"Nimekuuliza umetia nini!"

"Chakula tu. Kijiko kimoja, mchana. Samaki wako wananifuata kwenye kioo kama wadai."

"Nani alikutuma?"

"Macho yao."

Mumewe alitoka bafuni, povu la dawa ya meno mdomoni. "Hata mimi huwapa kidogo alfajiri," alisema. "Nilidhani wewe husahau."

Fundi alipiga hesabu. Yeye mwenyewe aliwalisha kila jioni. Samaki wawili, wenye urefu wa kidole, walikuwa wakila milo mitatu kwa siku, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Damu ilimpanda kichwani. Lakini hakumgeukia mumewe. Alimtazama wifi.

"Minyoo hawa wametoka kwenye hiyo mikono yako ya unga."

"Mikono hii inaoka mikate ya mji mzima. Ukiona mnyoo kwenye mkate wangu, niite."

"Toka kwenye tangi langu! Na ukiweza, toka kwenye nyumba yangu!"

Neno likishatoka halirudishwi kwa kamba. Wifi aligeuka. Aliingia chumbani, na baada ya muda ikasikika zipu ya begi.

"Kauli gani hiyo?" mumewe aliuliza.

"Kauli ya mtu ambaye tumbawe lake linakufa," Fundi alisema, akachukua mkoba wake akaondoka.

Siku nzima kazini aliwaza minyoo. Alipotoka alipitia duka la samaki wa mapambo. Muuzaji alimpa kichupa cha dawa ya minyoo bapa. Fundi alifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Begi la wifi lilikuwa mlangoni, na wifi amekaa kando yake, amefunga kanga kiunoni.

"Kesho nahamia kwa mwenzangu wa kazini," wifi alisema. "Hadi kesho unaweza kunivumilia?"

Fundi alimpita hadi kwenye tangi. Alifungua kichupa. Maandishi yalisema matone kadhaa kwa kiasi fulani cha maji. Matone! Alikigeuza kichupa, tayari kumimina chote.

"Kiweke chini."

Aliyesema alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, mtunza maabara wa shule ya sekondari. Jengo zima lilimwita Mama Darubini, kwa kuwa hakutoka nje bila kioo cha kukuzia mfukoni. Mume wa Fundi alikuwa nyuma yake. Yeye ndiye aliyekwenda kumwita.

"Niache, mama. Nataka wafe wote leo."

"Watakufa. Na samaki watakufa. Na hilo tumbawe litawafuata. Ndivyo unavyotaka?"

Fundi alishusha mkono, lakini kichupa hakukiachia.

Mama Darubini aliweka kioo chake kwenye tangi, akachungulia bila haraka. "Ni minyoo bapa," alisema. "Tazama, wembamba kama ganda la kitunguu, na mkia una ncha. Hawalili tumbawe."

"Mbona linakufa?"

"Wamelifunika. Tumbawe la aina hii hupata sehemu kubwa ya chakula chake kwa msaada wa mwanga. Likifunikwa, linashinda njaa. Sasa sikiliza. Mnyoo huyu ana sumu mwilini. Mmoja akifa, si kitu. Maelfu wakifa kwa saa moja, sumu yote inaingia majini. Na dawa ukiizidisha, unaongeza hatari juu ya hatari."

"Kwa hiyo niwabembeleze?"

"Uwapunguze kwanza. Dawa ije mwisho, kwa kipimo. Wewe si mtu wa vipimo?"

Wifi alicheka kwa pua. Fundi aligeuka.

"Unacheka! Kama si kijiko chako cha mchana—"

"Chakula hakizai minyoo hawa," Mama Darubini alimkatiza. "Mabaki ya chakula yanawanenepesha na kuwazidisha. Hilo ni kosa la nyote watatu. Lakini mnyoo lazima aletwe. Miezi miwili hii mmetia nini kipya humu?"

Fundi alisoma tena maandishi ya kichupa. Mumewe ndiye aliyejibu.

"Kile kitumbawe cha zambarau. Alipewa na mwenzake wa kazini."

"Ulikiloweka kwenye dawa kabla ya kukiingiza?"

"Kilikuwa safi," Fundi alisema.

"Sikuuliza hivyo. Kazini kwako, kile kipande cha kupimia meno kikitoka mdomoni mwa mgonjwa, unafanya nini?"

"Nakiloweka kwenye dawa ya kuua vijidudu. Ndipo kinaingia mezani."

"Hata kama kinaonekana safi?"

"Safi au si safi, ni lazima..." Fundi aliishia hapo.

Alikiweka kichupa chini. Hasira yake ilikuwa palepale, nzima kabisa. Ila sasa haikuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Alikumbuka siku ile: alikuwa amechoka, kitumbawe kimo kwenye mfuko wa plastiki, akakitumbukiza tangini akiwa bado na viatu miguuni.

"Mikono ya unga," wifi alisema polepole.

"Nimesikia," Fundi alisema kwa ukali. "Mama, nianze wapi?"

"Kwa mpira mwembamba wa maji na ndoo. Na mtu wa kukusaidia. Mmoja anavuta minyoo, mwingine anashika mpira na kuangalia ndoo isijae."

"Mimi nitakuwa kwenye safari ya kikazi wiki hii," mume alisema.

Wote wakamtazama wifi.

"Nitashika mpira kwa ajili ya samaki," wifi alisema. "Wewe nitakuamulia baadaye."

Kazi ilianza jioni hiyohiyo. Walivaa glavu, kwa sababu matumbawe mengine yana sumu. Fundi alipitisha ncha ya mpira juu ya tumbawe, na minyoo wakavutwa pamoja na maji hadi kwenye ndoo. Maji yaliyotoka waliyafidia kwa maji mapya ya chumvi, ambayo Fundi huwa nayo akiba, yaliyopimwa joto na chumvi. Yale machafu waliyamwaga chooni. Mama Darubini alikataza kabisa yasimwagwe mtoni wala baharini, minyoo wasije wakahamia huko.

Walifanya hivyo kila jioni kabla ya zamu ya wifi, begi lake likiwa bado mlangoni. Hawakuongea sana.

"Inua mpira."

"Nimeuinua."

"Zaidi."

"Wifi, mimi si winchi."

Kazi ya kulisha samaki ikawa ya mtu mmoja. Fundi alitaka awe yeye. Mama Darubini alikataa. "Wewe una hasira, na mwenye hasira hupima vibaya," alisema. Kazi akapewa wifi: chembe kidogo, mara moja kwa siku, inayoliwa yote ndani ya dakika mbili. Fundi aliuma meno, akakubali.

Siku ya tisa Mama Darubini alipanda na kioo chake. Palipokuwa na maelfu sasa palikuwa na wachache. "Leo dawa," alisema.

Walikokotoa kiasi cha maji ya tangi, wakiondoa nafasi iliyoshikwa na mawe. Walitoa mkaa wa kuchujia, kwa kuwa mkaa ungeinyonya dawa. Waliandaa mkaa mpya na ndoo tatu za maji ya chumvi, zikae karibu. Fundi alihesabu matone kwa sauti. Hakuzidisha hata moja.

Minyoo walianza kudondoka. Wifi aliwavuta kwa mpira, upesi. Ghafla samaki mmoja alipanda juu, akahema kwa nguvu.

"Anakufa! Nilijua!" Fundi alipiga kelele.

"Kelele si maji," wifi alisema. Alikuwa tayari ameshika ndoo ya kwanza. "Muda wa dawa kukaa majini umefika?"

Fundi alitazama saa. "Umefika. Umepita dakika mbili."

"Basi vuta hayo. Mimi namimina haya."

Walibadilisha robo ya maji. Waliweka mkaa mpya. Waliongeza nguvu ya pampu ili hewa iingie. Baada ya nusu saa samaki alishuka, akaanza tena kuzunguka mawe. Kama wangetia dawa siku ile ya kwanza, bila ndoo wala mkaa, na minyoo wakiwa maelfu, asingeshuka.

Wiki moja baadaye walirudia dawa, kwa ajili ya waliosalia. Safari hii hakuna samaki aliyehema.

Mwisho wa mwezi yule mwenzake wa kazini alimletea Fundi kitumbawe kingine.

"Tangi lako lina minyoo," Fundi alimwambia.

"Tangi langu? Safi kama kioo!"

"Hata mimi nilisema hivyo. Kaa hapo nikueleze."

Alimweleza yote, kwa sauti iliyowafanya watu wa chumba cha pili wanyamaze. Kitumbawe alikichukua. Nyumbani alikiloweka kwenye ndoo ya dawa ya matumbawe, akakisuuza, akakiweka kwenye tangi dogo la peke yake. Kingekaa humo wiki kadhaa, kwa sababu mayai ya minyoo huweza kunusurika na dawa.

Alipoingia sebuleni, wifi alikuwa amesimama mbele ya tangi kubwa. Lile tumbawe la kijani lilikuwa limefunguka lote, hadi kingoni.

Fundi alilitazama. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya ukali, kwa kuwa hakuwa na nyingine:

"Nilikukosea, wifi. Minyoo niliwaleta mimi. Na ile kauli ya nyumba haikuwa haki. Usihame."

"Sema tena. Pampu inapiga kelele."

"Umesikia!"

"Nimesikia kidogo."

"Nilikukosea!" Fundi alifoka, mpaka Mama Darubini akasikia kule chini.

"Haya," wifi alisema. "Sasa nipishe. Ni saa ya kuwalisha, na kulisha ni kazi yangu."