Isale la Jukwaani

Kwenye andiko la mchezo iliandikwa wazi, tena kwa mkono wa Eunike mwenyewe: mke wa ndugu anasimama mbele ya mlango. Digna, aliyeigiza mke huyo, akakaa. Alishuka polepole, mkono mmoja gotini, akanyoosha miguu yote miwili sakafuni, akaitandaza khanga juu yake, kisha akabaki ameukodolea macho mlango uliofungwa. Msichana wa miaka ishirini na mbili hakai hivyo.

"Digna, hapo unasimama," Eunike alimwambia kutoka kiti cha mbele.

Digna aligeuka, uso umejaa mshangao. "Si nimesimama?"

Godbless, aliyeigiza baba mwenye nyumba, alicheka mpaka akashika mbavu. "Aisee, huyu dada ameanza kuzeeka kabla ya mahafali." Wote wakacheka, Digna naye akacheka, ila alicheka akiwa bado amekaa pale chini.

Ilikuwa Jumatatu, na siku hiyo ndiyo walianza kutumia isale la kweli, lile jani la mlimani la kuombea msamaha. Eunike alikuwa mwaka wa mwisho wa sanaa za maonyesho katika chuo kimoja pale Moshi, na mtihani wake wa mwisho ulikuwa kuandika mchezo, kuuongoza na kuuonyesha jioni tatu mfululizo, Alhamisi mpaka Jumamosi. Kisa alikiokota utotoni, vipandevipande, shangazi zake wakinong'ona jikoni: mwanamke ameachiwa mtoto wa shemeji yake amwangalie, mtoto anazama kwenye mfongo wa maji ya kumwagilia migomba, na mwanamke anakwenda kwa shemeji na jani la isale mkononi kuomba msamaha. Eunike aliamini kilikuwa hadithi tu, ya kuwatisha watoto wasicheze karibu na maji.

Sasa, kila aliyelelewa mlimani anajua kwamba isale halikataliwi. Hata kama mtu amekuulia mwana, akija nalo unalipokea, mengine mtazungumza baadaye mkiwa mmekaa. Ndivyo Eunike alivyoandika mara ya kwanza: baba alipokea. Mwalimu Filemon, msimamizi wake, alisoma akavua miwani. "Mgogoro uko wapi hapa? Watu wakipatana dakika ya ishirini, watazamaji wakafanye nini, wakanunue mahindi?" Eunike akarudi, akafuta, akaandika upya. Baba anasema "Sipokei," anafunga mlango, taa zinazimwa. Mwalimu alifurahi, na Eunike, tuseme ukweli, alifurahi zaidi.

Jani walilokuwa nalo mazoezini lilikuwa la plastiki, na Mwalimu alisema linafanana na kamba ya kufungia ndoo. Basi Jumapili Eunike alipanda Old Moshi kwa bibi yake, Bibi Eliona. Bibi alikuwa bado kanisani. Masale ya mpakani yalikuwa yametafunwa na mbuzi, lakini nyuma ya nyumba ya zamani kulikuwa na kichaka kimoja kilichosimama peke yake kati ya migomba, kirefu kumzidi mtu, chenye majani ya kupendeza. Akakata moja akateremka nalo mjini. Hakumsubiri hata Bibi amsalimie.

Sasa pale ukumbini, Digna alipoinuka, sakafu aliyokalia ilikuwa imelowa.

Godbless alitaka kufanya utani, akaona haya. Maji yale yalikuwa na tope, na yalinuka moshi wa kuni uliochanganyika na majani ya migomba yaliyooza. Eunike alitazama dari. Ilikuwa kavu, na nje jua lilikuwa linawaka. Akachukua dekio akafuta, akajiambia pengine kuna bomba limepasuka chini ya saruji. Mtu akitaka sababu haikosi. Jumanne ikawa vilevile, na Jumatano maji yakapanda mpaka kiunoni mwa khanga. Kila mara Digna alikaa, na kila mara aliapa kwamba alisimama.

"Mwache akae!" Mwalimu Filemon alisema, akipiga paja kwa furaha. "Mnajua watu wanasoma miaka mingapi wapate kukaa namna hiyo?"

Alhamisi ukumbi ulijaa. Eunike alisimama pembeni ya jukwaa, nyuma ya pazia, andiko mkononi. Godbless aliposema "Sipokei" na kuubamiza mlango, mama mmoja kule nyuma alishindwa kujizuia. "Yesu wangu, hilo halikataliwi!" Watu wakaguna. Digna akakaa chini, na wote wakaona khanga yake ikilowa, kuanzia mabegani, huku jukwaa kavu. Walipiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Nje watu walimzunguka Eunike wakimuuliza mvua ile ameitengeneza vipi, naye akatabasamu tu, kama mwenye siri ya ufundi. Tabasamu lile alikuja kulichukia maisha yake yote.

Ndani, Digna alikuwa hajainuka. Walimbeba watu watatu. Isale lilikuwa ndani ya ngumi yake, na hakuna aliyeweza kuifungua.

Eunike na Digna walipanga chumba kimoja Majengo, kitanda kwa kitanda. Ijumaa asubuhi Digna alikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni, midomo imegeuka rangi. Hospitali walipima malaria, wakapima taifodi, wakapima kila walichoweza, hawakuona kitu. Mama mwenye nyumba alifukiza ubani huku akisoma dua alizozijua, akatoka chumbani haraka na kumvuta Eunike uani.

"Mwanangu, huyo ana jini," alinong'ona. "Nimefukiza ubani, mimi nanusa moshi wa kuni mbichi. Mwiteni mama yake."

Mama yake alikuwa fundi cherehani Njoro, jina lake Veronika. Alifika na chupa ya uji na sweta alilolifuma mwenyewe. Alimvika binti yake, akamsugua mikono, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. "Mama, nasikia baridi," Digna alisema, na alilia kidogo, sauti yake mwenyewe, kilio cha mtoto kwa mamaye. Eunike alipomwona bado anamjua mama yake alipata nguvu. Alijiambia mradi anamjua mama yake, bado yupo.

Lakini ilipofika saa kumi na moja Digna alikuwa hayupo kitandani. Walimkuta ukumbini, amevaa maleba, ameketi peke yake mbele ya mlango wa mbao, akingoja watazamaji.

Jioni hiyo alisema maneno ambayo hayakuandikwa. Eunike alifunua karatasi moja baada ya nyingine chini ya kitaa kidogo cha nyuma ya pazia, akitafuta, na hayakuwepo. "Nilimwacha kidogo tu," Digna alisema kwa sauti nzito ya kukwaruza. "Nilikwenda kukata majani ya ng'ombe. Viatu vyake niliviona kwanza. Shemeji, nifungulie, mvua imenizidi." Digna alizaliwa Njoro mjini, na katika maisha yake hajawahi kukata jani la ng'ombe. Upande wa pili wa mlango, pasipo kitu isipokuwa ngazi na ndoo za rangi, Godbless alikuwa amejikunja akiziba masikio, kwa sababu ingawa mchezo ulikuwa umekwisha na watu walikuwa wakipiga makofi, alisikia kucha zikikwaruza mbao upande wa chini, taratibu, mahali ambapo mkono wa mtu aliyeketi ungefika.

Jumamosi alfajiri Eunike alipanda kwa bibi yake. Alisimulia yote pale mlangoni kabla hata ya kukaribishwa, na Bibi Eliona alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza swali moja.

"Jani ulikata wapi?"

Eunike akaonyesha nyuma ya nyumba ya zamani. Bibi akakaa kwenye kigoda.

"Nilipoolewa hapa nilikikuta kichaka hicho, nikaambiwa nisikiguse. Huyo ni mke wa ndugu yake baba wa babu yako. Mtoto alimfia majini, akaja na isale, na baba wa babu yako akafunga mlango. Sisi tunakwenda kanisani, hatuyasemi haya. Alikaa hapo nje siku tatu, masika yakimnyeshea. Siku ya tatu jioni alikufa na jani mkononi. Walimzika pale pale alipokaa, na jani likaota." Alimtazama mjukuu wake kwa huruma iliyochanganyika na hasira. "Nani alikutuma uandike mtu anakataa?"

"Mwalimu alisema lazima kuwe na mgogoro, Bibi."

"Basi umempa. Anakataliwa kila siku mbele za watu. Leo ni ya tatu."

Eunike alipiga magoti. Bibi alimshika mabega. Kesho, alisema, baada ya ibada, wazee wa ukoo watakutana, nyumba hii itampokea pale pale penye kichaka, juu ya kaburi lake, ili abaki na udongo wake na amwache mtoto wa watu. "Leo mfungie ndani huyo binti. Asicheze. Na wewe usifanye lolote huko jukwaani, umenisikia? Akipokelewa akiwa ndani ya mtu, mtu huyo ndiye atakayekuwa nyumba yake."

"Nimesikia, Bibi."

Alisikia kweli. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Filemon kumwomba ausimamishe mchezo, na Mwalimu akamwambia watahini wameshafika kutoka Dar es Salaam. Alikimbia Majengo na kufuli mpya, akamkuta Mama Veronika anahangaika barabarani, sweta mkononi. Digna alikuwa ametoka akiwa peku, na watu wazima wawili waliojaribu kumzuia walisema alikuwa mzito kuliko gogo.

Saa moja jioni watu walikuwa wamesimama hadi madirishani. Eunike angeweza kuzima taa. Angeweza kupiga kelele. Alisimama nyuma ya pazia na alijua kwamba yeyote ambaye angemwambia angedhani ni sehemu ya mchezo, na sehemu moja ndogo ya moyo wake, ile mbaya, ilikuwa inahesabu vichwa vya watu. Godbless aliyafuata maneno ya andiko kwa sababu hakuwa na mengine. "Sipokei." Mlango ukafungwa.

Digna alikaa chini, na maji yakaanza kumtiririka toka nyweleni mpaka vidoleni, yakijaa jukwaani na kuteleza kuelekea viti vya mbele, na hakuna aliyehama, wote wameduwaa kwa uzuri wa jambo lile, huku Eunike akiona kile ambacho wao hawakukiona, kwamba kifua cha rafiki yake kinapanda mara moja, kinakaa, kinasahau, kinapanda tena, kila mara kidogo zaidi, na kwamba macho yake yameacha kupepesa, na mkono wenye isale umeinuliwa kuelekea mlangoni na unashuka, unashuka, na ukifika sakafuni itakuwa imekwisha. Alikumbuka maneno ya Bibi, yote, neno kwa neno. Angesubiri kesho, ila Digna hakuwa na kesho.

Akatoka pembeni, akapita mbele ya watu wote, akapiga magoti kwenye maji. "Nimepokea," alisema. "Mimi ni wa nyumba ile. Tulikosa. Nimepokea."

Ngumi ilifunguka. Jani likaingia mkononi mwake, na kifua cha Digna kikavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Ukumbi mzima ulisimama. Watahini walisimama. Mwalimu Filemon alifuta machozi kwa leso na kusema kwa sauti kwamba miaka ishirini ya kufundisha hajaona kitu kama kile. Digna naye aliinuka, mkavu, mashavu yamerudiwa na rangi, akamkumbatia Eunike mbele ya makofi yale.

"Nyumbani ni mbali, mjukuu wangu?" alimnong'oneza. "Nimechoka."

Hakutaka kwenda Majengo. Alitoka nje akaelekea mlimani kwa miguu, na ilibidi Godbless atafute gari wamfuate. Njia aliijua mwenyewe, kila kona. Bibi Eliona alipofungua mlango alitazama uso ule mara moja, akaweka mkono mdomoni, akampisha. Angefanya nini? Jumapili wazee walikuja baada ya ibada, wakaketi, wakasikiliza, wakaondoka mmoja mmoja. Aliyepokelewa hafukuzwi, walisema, na Bibi, ambaye angeweza kumkatalia mlangoni, ameshafumba kinywa kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Veronika alifika mchana, amepanda kilima chote kwa miguu, mvua ikiwa imeanza. Digna alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, akichambua ndizi za kupika, kwa kasi, kama aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. Eunike alitaka kumzuia mama yule asiingie, kisha akampisha.

"Digna," Mama Veronika aliita. Alimnyooshea sweta. "Mwanangu, twende nyumbani."

Digna aliinua macho. Alimtazama kwa upole, bila uadui wowote, kama unavyomtazama mtu aliyepotea njia akaingia kwako. Hakumwamkia. Aliweka kisu chini, akakunja mikono, akangoja, jinsi mkubwa anavyongoja mdogo wake aanze. Mama Veronika aliyachungulia macho yale, akayatafuta huku na huku, juu na chini, na Eunike aliona wazi mahali ambapo mama alifika mwisho wa kutafuta. Sweta lilimponyoka. Akapiga magoti.

"Shikamoo," alimwambia mtoto wake.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."