Baiskeli ya Tarishi

"Kaka, hizi raba za breki zitaingia kwenye baiskeli ya zamani?"

Mwanamume aliyechutama mbele ya rundo la vyuma chakavu aliinua uso. Soko lilikuwa limefurika, nyundo zikigonga kila upande. Aliyemuuliza alisimama juani katika gauni la samawati lenye mifuko mikubwa, futi ya kushonea ikining'inia shingoni kama mkufu.

"Mimi si muuzaji," akasema. "Lakini hizo usinunue. Zitakutupa mtaroni."

"Wewe!" muuzaji akafoka. "Kununua hununui, na wateja unanifukuzia!"

Yule dada akacheka mpaka akashika kiuno. Mambo yakaanzia hapo.

Mwanamume huyo alikuwa mpiga chapa, na jioni baada ya kazi alikuwa mtu wa baiskeli kuukuu. Alizinunua zikiwa zimeliwa na kutu, akazipiga msasa na kuzipaka rangi hadi zikang'aa kama za dukani. Alikuwa nazo kumi na moja, mbili zikilala naye chumbani. Dada wa futi alikuwa mshonaji, na baiskeli aliyoitafutia raba ilikuwa ya marehemu baba yake, tarishi aliyesambaza barua za ofisi kwa miaka thelathini. Tangu msiba, mwaka mmoja uliopita, ilikuwa imeegemezwa ukutani kwenye ujia wa nyumba yake.

Wiki haikuisha kabla simu na majina ya utani hayajaanza.

"Sindano, umekula?"

"Nimekula, Bwana Spoku. Na wewe leo unalala na mke yupi? Yule mwekundu, au yule asiye na mnyororo?"

"Wote wamenuna. Wamesikia habari zako."

"Wanune tu. Mimi sina magurudumu, lakini nafika."

Miezi mitano baadaye mshonaji alimkabidhi ile baiskeli. "Nataka kuiendesha kwenda kazini. Breki tu, mpenzi. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Alisikia. Lakini alipoifikisha nyumbani na kuona rangi ilivyobanduka, alijiambia kwamba zawadi ya breki ni zawadi ya mtu mchoyo. Akaifungua yote. Kila alipoulizwa, alijibu, "Subiri uone." Wiki ya tatu alinunua pete.

Jumamosi mshonaji alikuja na gauni jeupe alilolishona mwenyewe, limebana kiunoni, hereni zikicheza. Mpiga chapa akavuta shuka. Baiskeli ilikuwa nyeusi tii, yenye mistari ya dhahabu.

Mshonaji akaisogelea. Akaizunguka mara moja.

"Tandiko liko wapi?"

"Lilikuwa limepinda upande mmoja. Nimeweka jipya, ngozi tupu."

"Lilipinda kwa sababu nyonga yake ya kulia ilikuwa mbovu. Na kitambaa cha usukani?"

"Kile? Kilikuwa kimeoza, Sindano. Nilikichoma na takataka."

"Nilikishona nikiwa na miaka saba. Ndiyo kazi yangu ya kwanza."

"Nilitaka uipate kama ilivyotoka dukani."

"Ilipotoka dukani haikuwa inamjua baba yangu." Hakupandisha sauti. "Nilikuwa namwona pale kila asubuhi nikitoka. Sasa umenipa baiskeli ya mtu nisiyemjua."

Akaondoka, baiskeli akaiacha. Pete ilibaki mfukoni.

Mpiga chapa alipiga simu hadi akaona aibu kupiga tena. Dada yake mkubwa, aliyemlea, alipopata habari alikuja akakaa katikati ya baiskeli zile kama hakimu.

"Hii ilikuwa ya nani?"

"Sijui, dada."

"Na hii nyekundu?"

"Sikuuliza."

"Kumi na moja, na hujui hata mwenye moja. Unasema unazifufua, mdogo wangu. Mimi naona unaosha maiti tu."

Maneno yale yalimchoma. Mlangoni kulikuwa na fremu ya baiskeli nyingine aliyokuwa ameipiga msasa nusu. Aliitazama kwa muda mrefu na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mtu fulani alikuwa amekwaruza hapo herufi mbili kwa msumari. Moja alikwisha kuifuta. Akauweka msasa kabatini.

Siku ya tisa simu ikapokewa.

"Usiniombe msamaha," mshonaji alisema. "Nimechoka kuusoma kwenye meseji."

"Siombi. Nataka kukuambia nilivyoiona kabla sijaifuta. Nilifungua kila skrubu. Aliyeona vile ni mimi peke yangu."

"Sema."

"Pedeli ya kushoto ilikuwa imelika kuliko ya kulia. Spoku tatu zilifungwa kwa waya wa shaba, mafundo madogo, safi, kama ya mshonaji."

"Endelea."

"Karibu na gurudumu la nyuma kulikuwa na vyuma vifupi viwili, kimoja kila upande, vimechomelewa. Urefu wa kidole. Sikujua ni vya nini. Nikavikata."

"Nina kovu kisiginoni," mshonaji alisema polepole. "Nikiwa na miaka minne niliingiza mguu kwenye spoku. Baba hakunigombeza. Kumbe alikwenda kuchomelea mahali pa kuweka miguu yangu. Nilikanyaga vile vyuma miaka yote, nikasahau kwamba vilikuwepo." Kisha akauliza, "Uko nyumbani?"

Alikuja katika gauni la kazini, bila hereni. Mpiga chapa alikuwa amesogeza baiskeli zote ukutani, na juu ya saruji ameanza kuichora ile ya tarishi kwa chaki, ukubwa wake kamili. Mshonaji akapiga magoti.

"Tandiko lishuke kulia."

"Hapa?"

"Zaidi. Usilionee huruma."

Walichora hadi magoti yao yakawa meupe. Palipochorwa vile vyuma, mshonaji aliweka kiganja na kukiacha hapo.

"Nina kitu mfukoni," mpiga chapa alisema.

"Najua. Dada yako hana siri. Kiache hukohuko kwanza." Kisha, bila kumtazama, "Sijasema ukitupe."

Akampa chaki.

"Mchore na yeye."

"Sikuwahi kumwona, mpenzi."

"Nitakuelekeza. Anza na mabega."

"Yalikuwaje?"

"La kulia lilikuwa chini kidogo," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Chora. Usingoje ninyamaze."