Mkia Hajafika

Saa nne na robo asubuhi, kwenye lango la chini la msitu, pikipiki tatu zilikuwa zimezimwa na ya nne haikusikika.

"Mkia hajafika," alisema Breki.

Mkia alikuwa dada yake. Katika kundi lao anayetangulia huitwa kichwa, na anayefunga msafara huitwa mkia. Kazi ya mkia ni kufunga kila lango, kuokota kilichodondoka na kuhakikisha hakuna aliyebaki mtaroni. Dada aliipenda kazi hiyo kama wengine wanavyopenda kuimba bafuni. Angeshuka kwenye pikipiki kuokota ganda la pipi, kisha akuseme wewe kana kwamba kiwanda cha pipi ni cha baba yako.

"Ameona karatasi," alisema Kocha, kichwa cha msafara, huku akikung'uta vumbi. "Sasa hivi anaihutubia."

Wakacheka. Breki alicheka pia, huku akihesabu tena pikipiki. Ndivyo alivyoumbwa: aliogopa kwanza, sababu zikamfuata baadaye. Jina lile walimpa kwa kuwa alikanyaga breki hata akiwa anapanda mlima. Pikipiki yake ndiyo pekee yenye vioo vya pembeni, vikubwa kama vya lori la mchanga, na wenzake walisema anakwenda msituni kunyoa ndevu. Naye aliwajibu kwa methali ileile kila siku: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

"Atakuja tu, shemeji," alisema mchumba wa dada, aliyekuwa wa tatu katika msafara na ambaye kundi zima lilimwita Shemeji. Alikuwa amevua kofia na kunywa chupa nzima ya maji bila kupumua. "Si unamjua dada yako."

Breki akageukia ubao wa sheria pale langoni ili macho yake yapate kazi. Usitoke nje ya njia. Usiingie bonde lililofungwa. Ukikutana na mtembea kwa miguu punguza mwendo, umwonyeshe kwa vidole ni wangapi wanaokufuata. Wa mwisho afunge ngumi. Chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa mkaa: *Na mkifika nyumbani mpige mswaki.*

Ndipo filimbi ilipolia kutoka msituni. Ililia tena na tena, kama ya mtu ambaye haombi msaada bali anaulilia.

Walirudi kwa njia ileile, wakavuka daraja la mbao, wakapanda hadi kona ya misonobari, hatua chache chini ya lango la kati. Pikipiki ya dada ilikuwa imelala ubavu, gurudumu la nyuma hewani. Dada alilala chali. Juu yake, kutoka msonobari hadi msonobari, kwenye kimo cha shingo ya mtu aliyeketi kwenye pikipiki, waya ulikuwa umetandwa, ukitetemeshwa na upepo.

Mzee wa Nyuki, mfuga nyuki wa pale msituni, alipiga magoti kando yake, filimbi mdomoni. Mkokoteni wake wa mizinga aliuacha katikati ya njia.

"Anapumua," alisema mzee. "Msimguse shingo."

Kinga ya shingo aliyovaa dada, kola ngumu ambayo Breki aliitania kila Jumamosi kwamba ni ya kumzuia punda asijilambe, ilikuwa imepasuka mpaka nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyomwokoa dada yake. Breki akakaa chini.

"Tuufungue huu waya kabla haujamkata mwingine," alisema Kocha kwa sauti iliyopasuka. "Shemeji, toa koleo."

Shemeji hata harusini kwake angekwenda na mkoba wa vifaa. Akajipapasa kiunoni. "Nimeusahau nyumbani."

Kocha akaufungua kwa vidole. Ulikuwa waya uliovikwa plastiki ya kijani, na ncha yake iliyokatwa iling'aa kama sindano mpya.

Afande alifika na askari wawili, pamoja na gari la wagonjwa. Alikuwa mwanamke mfupi wa sauti ya chini, na sauti yake ilivyozidi kushuka ndivyo watu walivyozidi kunyooka. Shemeji alipanda gari la wagonjwa akimshika dada mkono. Afande akabaki na watatu.

"Wewe nani?"

"Mdogo wake. Wananiita Breki. Nilikuwa wa pili, nyuma ya Kocha. Shemeji wa tatu, dada wa mwisho."

"Mlipita hapa wote watatu msiuone waya?"

"Afande, mimi huona hata waya usiokuwepo. Ungekuwepo ningesimama, nikashuka, nikarudi nyumbani."

Afande hakutabasamu. "Basi uliinuliwa ninyi mkiwa mmeshapita na yeye hajapita. Upenyo huo ulitoka wapi?"

"Lango la kati. Ni zito na lina mnyororo. Mkia hubaki kulifunga."

"Nani anajua hilo?"

"Kila mtu, Afande. Hata nyuki."

Alijuta mara tu neno lilipomtoka, kwa sababu Afande alimgeukia Mzee wa Nyuki.

"Waya huu ni wa nani, mzee wangu?"

"Wa kwangu. Nazungushia mizinga. Uko mwingi pale kwenye kibanda, na kibanda hakina kufuli."

"Nasikia uliwaambia vijana hawa utawakomesha."

"Niliwaambia! Pikipiki zao zinawatia nyuki wazimu. Lakini nilikuwa chini, darajani. Hao watatu wamenipita palepale. Waulize."

"Ni kweli," alisema Breki.

"Kisha?" Afande alimuuliza mzee.

"Kisha nikajua zimekwisha, nikauingiza mkokoteni katikati ya njia nikapanda nao. Nikamkuta huyu binti."

Sauti ya Afande ikashuka kabisa. "Zilikuwa nne. Umeona tatu. Ulijuaje zimekwisha, mzee, kama huna mwenzio aliyeikomesha ya nne?"

Mzee akafungua kinywa. Kocha, mwenye mwili wa kabati, akamrukia kabla hajatoa neno. Ilibidi askari wawili wamng'oe. Walipomaliza, mzee alikuwa ndani ya gari la polisi, amefumba mdomo kama mzinga uliozibwa, na hakuna aliyekumbuka kwamba swali halikujibiwa.

"Tukirudi kwako," Afande alimwambia Breki. "Dada yako ana ugomvi na nani?"

"Na kila anayetupa taka. Ukimtoa mama, ni wote." Kisha utani ukamwishia. "Jana jioni aliniambia anamjua aliyemgonga yule mpanda miche."

Kila mtu pale alilijua tukio hilo. Mwezi uliopita mpanda miche, baba wa watoto wadogo, alikutwa amekufa katika bonde lililofungwa, ambako pikipiki haziruhusiwi. Aliyemgonga hakusimama.

"Alimtaja?"

"Hapana. Alisema amempa huyo mtu nafasi ajipeleke kituoni kabla ya Jumatatu. Akasema nikimjua sitalala."

Afande akamtazama Kocha. "Nasikia asubuhi ulifokeana na binti huyu kule mlipoegesha gari."

"Ekzosi, Afande!" Jasho lilimtiririka Kocha. "Alisema ekzosi yangu inapiga kelele na inatema cheche, nisipoibadilisha ananivua ukichwa. Ni ekzosi tu, jamani!"

"Usisafiri," alisema Afande.

Breki aliwaza njia nzima ya kwenda hospitali. Sitalala. Mtu wa mbali akiua, unasikitika kisha unalala. Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguoni mwao walikuwa wangapi?

Dada alilazwa chumba cha peke yake mwisho wa korido, mpira wa oksijeni usoni, koo limevimba, macho yamefumba. Daktari alisema ataamka jioni ila hataongea kwa muda. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, amepakata mkoba wa dada kama mtoto.

"Mama, nenda nyumbani ukamletee nguo," alisema Shemeji kwa upole. "Na wewe shemeji, karudishe pikipiki. Mimi nitakaa naye. Sitoki hapa."

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema mama.

Breki alifika lango la chini jua likianza kulegea. Kocha alikuwa ameegesha pikipiki zote bega kwa bega, kisha kaenda zake. Upepo ulipita misonobari ukitoa mlio wa mtu anayevuta hewa kwa shida. Breki akajikuta anatazama kila nafasi kati ya mti na mti, kwenye kimo cha shingo.

Ili asikimbie, akasoma ubao. Akausoma tena. *Wa mwisho afunge ngumi.*

Akampigia Afande.

"Afande, mzee hakujibu lile swali. Alijuaje zimekwisha? Muulize tulimwonyesha nini darajani."

Afande akamuuliza. Kisha ikasikika sauti ya mzee kwa mbali, yenye hasira: "Wa kwanza vidole vitatu. Wa pili viwili. Wa tatu akafunga ngumi. Wa mwisho akifunga ngumi mimi naingia njiani, ndiyo sheria! Ungekuwa wewe ungeingiza mizinga ya nyuki mbele ya pikipiki inayokuja?"

Breki hakuwa ameuona mkono wa Shemeji. Akiwa darajani huwa anatazama mbao tu. Lakini kabla ya daraja alitazama kioo, na sasa ndipo alipokumbuka alichokiona: kioo kilikuwa kitupu. Alipunguza mwendo, akasubiri, akasubiri tena, mpaka Shemeji akachomoza akimwonyesha dole gumba kwamba mambo ni shwari.

Pikipiki ya Shemeji ilikuwa palepale, kwa sababu mwenyewe aliondoka na gari la wagonjwa. Breki akainua kiti chake kwa vidole viwili, kama anayefunua chungu chenye nyoka. Mkoba wa vifaa ulikuwa chini yake. Meno ya koleo yalikuwa yameuma vipande vya plastiki ya kijani.

"Afande," alisema, na sauti yake haikuwa yake. "Yuko peke yake na dada."

"Usiguse kitu. Naja. Na wewe usiende—"

Alikuwa ameshawasha. Kwa mara ya kwanza maishani Breki hakukanyaga breki, isipokuwa mara moja: alisimama, akashuka, akafunga lango. Dada angemuua.

Korido ya hospitali ilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishiwa. Breki akasukuma.

Shemeji aliketi kwenye kiti kando ya kitanda. Alikuwa ameushika mpira wa oksijeni na kuuviringisha kidoleni, taratibu, kama mtu anayecheza na uzi.

"Umerudi haraka, shemeji."

"Pikipiki imegoma," Breki aliongopa, meno yakigongana. "Imesema haitaki kuendeshwa na mwoga." Akasogea mpaka miguuni pa kitanda. "Eti, mzee kamwambia Afande kuwa ulimfungia ngumi pale darajani."

Kidole kikatulia. "Mzee haoni vizuri."

"Ishara ya Kocha kaiona. Yangu kaiona. Yako tu ndiyo haikuonekana?"

"Basi nilikosea. Mkono tu, shemeji."

"Umekuwa wa tatu miaka mingapi? Kila Jumamosi unaonyesha kidole kimoja, kwa sababu dada yuko nyuma. Kwa mazoea, mkono wako ungetoa kidole." Breki alihisi machozi yanamjia, akayaacha yaje. "Dada ndiye aliyekufundisha. Usimdanganye mtembea kwa miguu, atakufa kwa kukuamini. Na hukumdanganya. Ulimwambia kweli tupu, kwamba nyuma yako hakuna tena mtu anayekuja."

Uso wa Shemeji ulilegea kama hema lililong'olewa vigingi.

"Nilitaka njia ya mkato tu," alisema. "Bondeni hapakuwa na mtu kamwe. Mara akainuka kwenye majani na miche yake mkononi. Ningefanya nini?"

"Ungesimama."

"Dada yako alikuta kipande cha madigadi yangu kule. Akakiweka mezani, akanimiminia chai, akasema, 'Nenda mwenyewe, nitakusubiri hata ukifungwa.' Atanisubiri! Kama lango!" Akacheka vibaya. "Jana niliufunga waya kwenye mti mmoja, nikaufukia kwa majani. Leo nikasimama, nikauvuta mpaka mti wa pili. Alikuwa bado anahangaika na mnyororo. Nilimsikia akiimba."

Mkono wake ukaubana mpira.

Breki, aliyekimbia mende mpaka akiwa na umri wa kupiga kura, alijitupa juu ya kitanda akaung'ang'ania mkono ule kwa meno. Shemeji akampiga kichwani, mara ya kwanza, mara ya pili. Dunia ikawa nyeusi pembeni. Breki hakuachia.

Afande alipomgusa bega, Breki alikuwa bado ameuma. "Inatosha, kijana. Tayari ana pingu. Unakula ushahidi."

Walipomtoa, Shemeji hakugeuka. Korido nzima ilisikia viatu vyake vikienda. Simu ikapigwa, na Mzee wa Nyuki akaachiwa arudi kwenye mizinga yake.

Breki aliketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Masikio yake yaliendelea kusikiliza mlango. Ni nani mwingine? Ni nani tena atakayeingia?

Kitu kikagusa nywele zake. Dada alikuwa amefumbua macho. Alitazama kiti kitupu, akautazama mlango, akamtazama mdogo wake mwenye damu mdomoni, na machozi yakamtoka bila sauti. Alikuwa amesikia.

"Ameondoka, dada," Breki alinong'ona. "Naogopa. Yuko mwingine?"

Dada hakuweza kusema. Aliuinua mkono wake polepole, mirija ikining'inia, vidole vimenyooka. Kisha, kimoja kimoja, akavikunja vyote, akafunga ngumi.