Kikombe Alichokibeba Adjeley

Kabla ya kwenda shule, Adjeley huchochea moto chini ya masufuria ya kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, jikoni kwa mama yake, mtaani Bukom. Wiki ile jikoni palikuwa na mtu wa ziada. Kaka yake Ayitey alikaa katikati ya mvuke, amevaa makoti mawili juu ya mfuko wa plastiki, ili jasho limtoke.

Ayitey alikuwa bondia wa kulipwa. Jumamosi angepigania ubingwa wa taifa, na uzito wake bado ulizidi.

"Mdogo wangu, nipe maji. Nisukutue tu."

"Ataa Quaye amekataza."

"Kwani yuko hapa?"

"Yupo," kocha mwenyewe, mzee Ataa Quaye, alijibu kutoka mlangoni. "Na masikio anayo. Binti, chochea moto. Ukimpa hata tone, ubingwa umeumwaga wewe."

Mama aliendelea kufunga unga kwenye maganda ya mahindi. Marehemu mumewe naye alikuwa bondia. Alijikausha hivyohivyo, akapigana, akarudi nyumbani kwa miguu yake, akavua viatu mlangoni, akalala. Hakuamka tena. Viatu vile bado vilikuwa pale.

"Mama," Adjeley alinong'ona, "kaka hatoki jasho tena. Na tangu jana hajaenda chooni."

"Nimeona."

"Sasa tufanyeje?"

"Nilimwambia baba yako. Nikamwambia na kaka yako. Maneno yameniishia, mwanangu."

Siku ya kupima uzito, Adjeley alienda ukumbini amebeba kenkey, samaki na maji, vya kaka yake kula akishapimwa. Ayitey alipanda mizani, uzito ukakubali. Watu wakampigia makofi. Lakini kanuni ilisema bondia hapandi ulingoni mpaka daktari ampime presha, macho na mkojo. Ayitey akaingia chooni na kikombe, akakaa humo, akatoka nacho kitupu.

Ataa Quaye alimvuta Adjeley pembeni. "Nenda wewe."

"Mimi, Ataa?"

"Kwani wewe hukojoi? Usinikodolee macho. Bukom nzima imehamia hapa kwa ajili ya kaka yako."

Adjeley alimtafuta mama yake kwa macho, akakumbuka kuwa tangu kifo cha baba, Mama haji kwenye mambo ya ngumi. Akaenda. Aliporudi, kikombe kilikuwa na joto mikononi mwake. Ayitey alikipokea bila kumtazama usoni.

Daktari Sowah, mama wa makamo mwenye miwani, alikiinua kwenye mwanga. "Mweupe kama maji. Huyu anajitunza." Kisha akaitazama midomo ya Ayitey iliyopasuka. "Leo umekunywa maji?"

"Nimekunywa, daktari." Ulimi ulikuwa mzito.

Daktari akachukua kalamu amwidhinishe. Adjeley aliviona viatu vile vya mlangoni kana kwamba vilikuwa mbele yake.

"Daktari, huo mkojo ni wangu."

Ukumbi uliangua kicheko. "Basi mvisheni glovu yeye!" mtu mmoja alisema.

Daktari hakucheka. Aliifinya ngozi ya mkono wa Ayitey. Ngozi ikabaki imesimama vilevile, kama kitambaa.

"Hapigani."

"Daktari, kijana amejiandaa mwaka mzima," Ataa Quaye alisihi.

"Hapigani, mzee."

"Adjeley," Ayitey alisema polepole, "umenimaliza." Akainuka amfuate, akaanguka kando ya mizani.

Hospitali walimtundikia dripu. Figo zilikuwa zimeanza kushindwa kazi. Kwa siku kadhaa Adjeley alikaa kando ya kitanda asijue la kufanya, na kaka yake akaugeukia ukuta. Mtaani vijana walimwita Kikombe. "Kikombe, umemletea nani leo?"

Hatimaye figo zikaanza kufanya kazi tena. Siku hiyo Mama alikuja, akaketi kitandani.

"Nimepoteza ubingwa," Ayitey alisema akiwa bado ameutazama ukuta.

"Umeupoteza. Sikudanganyi." Mama aliusogelea mto wake. "Siku ya baba yenu daktari alikuwapo pia. Alimwuliza kama ni mzima, akajibu ni mzima. Sote tuliosimama pale tulijua si kweli. Kanuni iliwekwa impeleke bondia nyumbani akiwa hai, lakini haina macho, Ayitey. Inaona kile tunachoiambia. Tukiidanganya, daktari harudi kwake na jeneza. Tunarudi nalo sisi. Mdogo wako amesema kile ambacho kwa baba yenu hakuna aliyekisema."

Ayitey aliugeuza uso kutoka ukutani. Kisha akanyoosha mkono.

"Adjeley. Maji."

Kwa mazoea, Adjeley alitazama kwanza mlangoni kama Ataa Quaye yupo. Halafu akammiminia, kikombe kikajaa hadi ukingoni.