Mlango wa Nyuma wa Hamba Nyeusi

Harufu ndiyo ilitangulia. Gari lilirudi kutoka gereji limeoshwa, linang'aa, na Chelimo alipoinama kutandika shuka la mtoto kwenye kiti cha nyuma akasikia harufu ya maziwa yaliyochacha, maziwa na matope ya mto pamoja, akajinusa kifua, akamnusa Kimaiyo mgongoni, na haikuwa yeye wala mtoto. Ilitoka mlangoni.

"Ni rangi mpya hiyo," mumewe Kipkemboi akasema.

"Rangi hainuki maziwa, Baba Kimaiyo."

"Basi wewe ndiye umemwaga."

Chelimo akaendelea kutandika shuka. Kuhusu gari hilo alikuwa amejifunza kunyamaza. Lilikuwa Hamba nyeusi, gari la Kiingereza la kabla ya vita, na milango yake ya nyuma ilifunguka kinyume, bawaba nyuma na kitasa mbele. Lilikuwa la mzungu wa Moiben, na baba yake Kipkemboi aliliosha kila Jumamosi mpaka mgongo wake ukapinda, wala hakuwahi hata siku moja kuketi ndani. Uhuru ulipokuja, shamba likagawanywa, mzungu akauza vitu vyake arudi kwao. Watu wengine waligombania ng'ombe na trekta, lakini Kipkemboi, karani wa ushirika wa maziwa mjini Eldoret, alinunua gari. Akamketisha baba yake kiti cha nyuma, akamzungusha mpaka kituo cha Ziwa na kurudi, na mzee hakumaliza mwaka. Ungemwambiaje mtu kama huyo kwamba gari lake linanuka?

Gereji ya Githinji ndiyo iliyoliharibu. Lilipelekwa breki, jeki ikateleza, likalalia injini ya lori iliyokuwa chini, mlango wa nyuma wa kushoto ukakunjika kama sufuria iliyokanyagwa. Kipkemboi akaandikia bima. Bima wakajibu kwamba mkaguzi wao, Bwana Jeconia, atatoka Nakuru kuja kulitazama, na mpaka afike, gari lisiuzwe, lisitengenezwe, wala chochote kilichofungwa na gereji kisitolewe. Lakini Githinji alikuwa ameshafunga mlango mwingine, wa Hamba iliyokuwa imetupwa nyuma ya gereji yake. "Ni wa kusaidia tu, bwana karani," alisema, "mvua isiingie."

Gari likakaa kwenye banda, kando ya jiko lao kule Kiplombe, likimngoja Bwana Jeconia, likitoka Jumapili tu kwenda kanisani.

Chelimo alikuwa akichambua mboga, jua liko juu kabisa, aliposikia. Ngo. Ngo. Taratibu, kama kiganja kwenye kioo. Halafu, chini zaidi, kitu kidogo, chepesi, hata usingejua ni kugonga: ti, ti, ti. Akatoka. Gari tupu. Kioo cha mlango ule kilikuwa na ukungu, hicho kimoja tu, na ukungu wenyewe ulikuwa upande wa ndani. Na Kimaiyo mgongoni akacheka, kile kicheko anachomchekea mtu anayemjua.

Alimwambia Nanzala, jirani yake, mke wa dereva wa trekta, kwa sauti ya chini, ingawa walikuwa wawili tu.

"Mama Kimaiyo, hilo ni jini."

"Nimesoma mpaka fomu two, Nanzala. Nitaambia nani kwamba nina jini kwenye gari?"

"Kwani majini huuliza umesoma mpaka wapi?" Halafu hakucheka tena. "Huo mlango ulitoka wapi?"

Kipkemboi hakutaka kusikia. "Tukiutoa, bima hawalipi. Gari la baba yangu litakaa hivyo milele. Ngoja Jeconia aje."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana nini?"

Chelimo akamsogeza mtoto kifuani. Kimaiyo alikuwa ameanza kukataa kunyonya, na kila alipopitishwa karibu na banda alinyoosha mikono kwenye kioo, kama mtoto anayetaka kubebwa.

Jumapili mvua ikanyesha wakitoka kanisani, na njia ya Kiplombe unaijua ikilowa, gari likazama tope hadi mhimili. Kipkemboi akashuka kutafuta watu wa kusukuma. "Kaa ndani na mtoto, msiloe." Akafunga, akaenda, mvua ikammeza, na Chelimo akabaki kiti cha nyuma na Kimaiyo mapajani. Kwanza akasikia harufu, kisha baridi ya mlango ikimfika begani, akasogea upande wa pili akashika kitasa cha kulia, na kitasa kikazunguka bure bila kushika kitu, akarukia mbele kati ya viti lakini mguu wake ukawa umeshikwa na shuka, au akadhani ni shuka, na hapo ndipo kugonga kukaanza, ngo, ngo, si nje, ndani, pembeni yake kabisa, na kioo kikajaa ukungu na kwenye ukungu kiganja kikajichora, kirefu, cha mwanamke, kikateleza kwenda chini na kujichora tena, na chini yake kiganja kingine kidogo kama cha Kimaiyo, na maji yakawa yanasikika yakipanda ingawa sakafu ilikuwa kavu, akaona kavu kwa macho yake, lakini magoti yake yaliyahisi, kisha tumbo, akamwinua mtoto juu mpaka kichwa chake kikagusa paa, akapiga kelele, na kila alipopiga kelele kuna mwingine alipiga naye, sauti moja, neno moja: fungua.

Mlango ukavutwa kutoka nje. Kipkemboi, ameloa, na vijana wawili nyuma yake.

"Chelimo! Ni nini? Mbona hukufungua?"

Chelimo akamwonyesha mlango. Ngozi ya ndani ya mlango ule, iliyokuwa nzima asubuhi, ilikuwa imechanwa kwa kucha kutoka juu mpaka chini. Kipkemboi akamshika mkewe mikono, akazitazama kucha moja baada ya nyingine. Zilikuwa fupi, safi, hazikuvunjika.

"Bima wakae na pesa zao," akasema polepole.

Kipkemboi alipomfuata gereji, Githinji aliapa kwanza kwamba hajui kitu, halafu akakaa juu ya tairi. "Mlango huo ni wa gari lililoanguka mtoni, pale darajani, barabara ya Moiben. Mama mmoja na mtoto wake mchanga, walipewa lifti. Dereva alitoka kwa dirisha la mbele. Wao mlango haukufunguka." Akafuta uso. "Lakini ni chuma tu, bwana karani. Nikitupa kila chuma iliyoua mtu, gereji nitafunga."

Nanzala alipoambiwa akaweka kikapu chini. "Huyo ni Kavetsa. Binti wa Mzee Murunga, mtu wa kwetu. Sisi tulienda kumwita." Akaeleza, maana Chelimo hakuwa wa kwao: mtu akifia njiani, watu wake huenda mahali pale pale, baba au ndugu akavunja tawi la mti, akamwita kwa jina, kisha akaliburuta hadi nyumbani bila kuzungumza na mtu wala kutazama nyuma, ndipo roho inafuata. "Mzee aliita pale darajani mpaka sauti ikakauka. Lakini gari lilikuwa limeshavutwa gereji. Tuliita mto. Yeye alikuwa kwenye mlango."

Nanzala akatuma habari kwao, na Mzee Murunga akaja kesho yake kabla ya saa sita, koti limefungwa vifungo vyote, tawi mkononi. Hakuomba chai. Akasimama mbele ya banda, akavua kofia.

"Kavetsa," akasema. "Mwanangu. Ni baba. Nilikosea mahali. Toka, twende."

Kitasa kikashuka chenyewe. Mlango ukafunguka wote, kinyume, kama mikono inavyofunguka, na maji machafu yakamwagika kwenye vumbi, na Chelimo akasikia mtu akivuta pumzi ndefu, ile ya mtu aliyefika juu ya maji. Mzee akageuka. Akatoka getini akiburuta tawi, hakuaga mtu, hakutazama nyuma, na Nanzala akamfuata kwa mbali hadi kwenye lori lililokuwa likiwangoja.

Kipkemboi akaung'oa mlango siku hiyo hiyo, akauchoma ngozi, akachimbia chuma. Bwana Jeconia naye akafika wiki hiyo, na tai yake, akakuta turubai pale mlango ulipokuwa.

"Kwani nani alitoa?"

"Mwenyewe," Kipkemboi akasema.

"Mwenye nini?"

"Mwenye mlango."

Jeconia akafunga mkoba wake, akasema basi bima hailipi kitu hapa, na kwa mara ya kwanza tangu gari lirudi, mume na mke wakacheka, wakacheka mpaka Kimaiyo akaanza kucheka nao.

Mtoto akaanza kunyonya tena. Akanenepa. Nanzala aliporudi kutoka kwao akaleta ndizi na habari kwamba kaburini kumetulia, Mzee Murunga anapata usingizi sasa.

"Na mtoto?" Chelimo akauliza. "Mzee alimwita kwa jina gani?"

Nanzala akaacha kumenya ndizi. "Alikuwa hajapewa jina. Walikuwa wanampeleka kwa nyanyake apewe."

Nanzala akaondoka mapema.

Mchana huo huo Chelimo alikuwa chumbani akikunja nepi, Kimaiyo amelala mgongoni, ameshiba mpaka anakoroma. Ikaja harufu. Halafu kwenye mlango wa chumba, chini kabisa, pale mtoto anayetambaa anapofika, upande huu wa ndani ambako alikuwa amesimama yeye:

Ti, ti, ti.

Alitaka kupiga kelele. Lakini kifua chake kilikuwa kimeshasikia kabla yake, na maziwa yakaanza kumtiririka, yakalowesha gauni, yakadondoka sakafuni, na kugonga kukakoma, na kitu kidogo, baridi, kikaanza kutambaa kuja miguuni pake.