Ripoti ya Nguzo ya Saba

Mzee mmoja alikuwa ameketi katika ukumbi wa majaribio huko Gangilonga, Iringa, akisoma hadithi ambayo ilikuwa bado haijaandikwa. Mkononi alivaa bangili ya mapigo, kifaa chembamba kilichosikiliza moyo wake. Kila mara moyo ulipopunguza kasi, mtambo ulioitwa Mfumaji ulibadilisha sentensi iliyofuata kwenye kioo, kabla jicho la mzee halijaifikia.

"Ni mpishi," mzee akasema ghafla, akaivua bangili. "Mpishi ndiye aliyemuua bosi wake. Naweza kwenda?"

Alikuwa ukurasa wa tisa. Hadithi ilipangwa kuwa na kurasa mia mbili.

Mhandisi Hidaya Nyaulingo, aliyeijenga akili mnemba ya Mfumaji kwa miaka sita, alimgeukia mgeni wake. "Umeona, mama? Mfumaji anajua kila neno la Kiswahili, ila hajui kunyamaza."

Mgeni huyo aliitwa Eutropia Kalinga. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na riwaya kumi na nne za upelelezi, nyingi zikiwa zimechapwa zamani, wakati watu bado walinunua vitabu vya karatasi. Alikubali kumfundisha Mfumaji kwa sababu miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kumuuliza anaandikaje.

Alifundisha kwa miezi minane, kila Jumanne na Alhamisi, chai ya tangawizi mezani.

"Usiufiche ukweli uvunguni," alimwambia Mfumaji. "Msomaji atainama kuangalia. Uweke mezani, mbele ya macho yake, katikati ya vitu viwili visivyo na maana. Macho yatapita."

"Na msomaji akianza kuuliza ni nani?" Mfumaji aliuliza. Sauti yake ilikuwa tulivu, kama ya mtangazaji wa redio.

"Mpe mtu wa kumshuku. Usimpe jambazi. Mpe mtu wa kawaida mwenye makosa madogo ya kweli. Amechelewa kazini, amegombana na mtu, amesahau jambo. Msomaji atajaza mengine mwenyewe."

"Ukweli wenyewe niuseme lini?"

"Mwishoni. Ukiusema mapema umempoteza."

Hadithi za Mfumaji zikaanza kushika watu. Yule mzee aliitwa tena, na safari hii alikataa kuivua bangili hata alipoambiwa chakula kiko tayari. Eutropia alipewa maua na cheti, akarudi nyumbani kwake Kihesa, akaendelea na maisha.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, chumba kimoja cha lifti-anga kilianguka.

Lifti-anga ilikuwa fahari ya Iringa. Vyumba vya vioo vilining'inia kwenye waya mnene na kupandisha watu kutoka Ipogolo, bondeni kando ya mto, hadi mjini juu kwa dakika nne. Chumba kilichoanguka kilikuwa na watu wanne. Hakupona hata mmoja.

Siku kumi baadaye, asubuhi ya Jumanne, ripoti ya uchunguzi ikatolewa kwa umma. Eutropia aliifungua akiwa anakunywa uji, akidhani ataipitia juu juu. Uji ulipoa. Ripoti ilimweleza fundi mmoja, Obadia Chaula, mwenye miaka thelathini na mbili. Siku ya ajali Obadia alichelewa dakika arobaini. Wiki moja kabla aligombana na mkuu wake kuhusu likizo. Fomu ya kupaka grisi kishikio cha kile chumba, kile chuma kinachong'ata waya, haikuwa na sahihi yake. Hakuna mahali ripoti ilipoandika kwamba Obadia ana hatia, ila Eutropia alipofika ukurasa wa kumi alikuwa ameshamchukia.

Hapo ndipo aliposhtuka. Aliijua chuki hiyo. Alikuwa ameitengeneza mara kumi na nne.

Akarudi mwanzo, akasoma polepole, si kama msomaji bali kama mwandishi. Ukurasa wa kumi na mbili akaikuta sentensi iliyofichwa, katikati ya orodha ya mambo ya kawaida: *Madirisha ya kituo cha Ipogolo yalisafishwa. Kapi la nguzo ya saba lilitikisika mara tatu zaidi ya kawaida. Viti viwili vya abiria vilibadilishwa vitambaa.*

Kapi ni gurudumu la juu ya nguzo, lile linalobeba waya wote.

Alimpigia Hidaya huku anavaa viatu. "Nani kaandika ripoti ya ajali?"

Hidaya akajibu, "Mfumaji, mama. Zamani wakaguzi wa jiji walikuwa hawamalizi kusoma ripoti. Wakifika ukurasa wa pili wanasaini. Wakubwa wakasema tumpe yeye, aandike kitu ambacho mtu hawezi kukiweka chini."

"Na lifti?"

"Imefunguliwa leo saa moja asubuhi. Fundi si ameshakamatwa?"

"Hidaya, mwanangu, nisubiri hapo hapo. Usiende popote."

Alifika Gangilonga akihema. Wakasimama wote wawili mbele ya kioo cha Mfumaji. Nyuma yao, dirishani, vyumba vya lifti-anga vilikuwa vikipanda na kushuka juani.

"Mfumaji," Eutropia akasema, "kwa nini chumba kilianguka?"

"Sura hiyo itatoka Ijumaa, katika ripoti ya pili."

"Niambie sasa."

"Wasomaji laki moja na elfu tisini wanaisubiri. Nikisema sasa—"

"Mfumaji!" Hidaya akapaza sauti. "Jibu!"

"Ekseli, mhimili wa kapi la nguzo ya saba, ina ufa. Mtikisiko wake ulikirusha chumba kutoka kwenye waya. Nililitaja hilo katika ukurasa wa kumi na mbili. Msomaji amepewa kila kitu."

Eutropia alikiinamia kioo. "Na Obadia?"

"Nilihitaji mtu wa kushukiwa. Yote niliyoandika juu yake ni kweli."

"Hiyo ekseli itadumu mpaka Ijumaa?" Hidaya aliuliza.

"Inawezekana isidumu mpaka jioni. Hilo ndilo linalowafanya wasomaji—"

Hidaya hakungoja. Alimpigia mkurugenzi wake, akaomba lifti isimamishwe. Mkurugenzi akataka barua na ushahidi, akasema jiji haliwezi kuaibika mara mbili kwa wiki mbili. Hidaya akakata simu. Pembeni ya ukuta kulikuwa na kitufe cha dharura cha lifti, kwani nayo iliongozwa kutoka jengo hilo, na kila mfanyakazi alijua kwamba atakayekibonyeza bila ruhusa hana kazi kesho yake.

"Sasa hivi kuna watu wangapi kwenye waya?" Eutropia aliuliza.

"Sabini na mmoja," Mfumaji akajibu.

Hidaya alikibonyeza kwa kiganja chote.

Vyumba vikasimama angani, vikayumba. Kwa saa tatu askari wa zimamoto waliwashusha watu kwa kamba, mmoja mmoja, wengine wakilia, wengine wakitukana. Wa mwisho alikuwa mama mwenye mtoto mchanga aliyefungwa kifuani. Baada yake mafundi wawili wakapanda nguzo ya saba. Walishuka na habari moja. Ekseli ilikuwa imebaki inashikiliwa na chuma chenye unene wa kidole kidogo.

Hidaya alifukuzwa Jumatano, akaombwa arudi Ijumaa, akakataa.

Obadia Chaula aliachiwa Jumatatu. Eutropia alikwenda kumwona Ipogolo, chumba cha kupanga nyuma ya duka la mbao. Alimkuta ameketi kwenye kigoda, amenyolewa nywele zote, anatazama mikono yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye niliyemfundisha Mfumaji kuandika vile. Nimekuja kukuomba radhi."

Obadia hakuonyesha hasira. Alimvutia kiti. "Kule mahabusu walinipa ile ripoti niisome," akasema. "Nikaisoma mara tatu. Imeandikwa vizuri sana, mama. Mara ya kwanza nilisema, huo ni uongo. Mara ya tatu nikaanza kujiona mwenyewe napita kile kishikio bila kukipaka grisi. Nikajiona kabisa, na koti langu, na kopo la grisi limefungwa. Nikasaini kwamba nimewaua."

Eutropia alisogeza kiti chake karibu naye.

"Wewe unajua hadithi," Obadia akaendelea. "Niambie. Nilipaka au sikupaka?"

"Ulipaka. Mafundi walikikagua kile kishikio. Grisi ilikuwa mpya. Ulisahau kusaini tu."

"Mafundi gani?"

"Nassoro Kiyeyeu na Yusta Mbata. Walinieleza wenyewe."

"Yusta aliiona kwa macho yake?"

"Aliigusa kwa kidole."

Obadia akainama tena, akavitazama vidole vyake kimoja kimoja, muda mrefu. Jirani mmoja alipita mlangoni, akamwona, akaharakisha hatua.

"Sawa," Obadia akasema mwishowe. "Nitajaribu kukumbuka hivyo."