Roho Yangu na ya Muuza Jibini

Soko la Tajrish lilikuwa limefurika siku hiyo, na mwanamume mmoja mwenye koti la kijivu akamkanyaga Nastaran mbele ya duka lake la achari.

"Niwe fidia yako, nuru ya macho yangu!" akasema kwa sauti tamu kama asali.

Nastaran akauweka sawa mtandio wake mwekundu. Mjane mzima, lakini mashavu yalimwaka. "Haya bwana, nikupe nini?"

Hapo asali ikakatika. "Achari... kitunguu saumu... ku... kutaka."

"Nani anataka?"

"Mimi." Akajigonga kichwa. "Kiharusi. Sentensi... kuvunjika."

Ndivyo alivyomjua Farhang, fundi saa. Maneno ya adabu, yale anayoyasema kila Mwirani tangu utotoni, yalikuwa yamebaki mazima kinywani mwake. Ya kujitungia ndiyo yaliyomponyoka. Kifarsi hukiweka kitenzi mwishoni, na Farhang alifika huko akitweta, akakiangusha kitupu, hakina nani wala lini.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Achari gani hiyo inayoliwa hivyo? Jioni akawa anapiga simu.

"Roho yangu!"

"Umekula, Farhang?"

"Wali... kula."

"Umekula au utakula?"

Mfuniko ukasikika ukifunuliwa. "Sufuria... tupu."

"Basi umekula, mlafi wewe!" Wakacheka mpaka machozi. Nastaran alikuwa amempenda, na hakulificha hilo.

Hadi asubuhi moja Nastaran alipomkuta kwenye duka la Bi Touran, muuza jibini. "Niwe fidia yako, nuru ya macho yangu, roho yangu!" Farhang alikuwa akimwambia, neno kwa neno.

Baridi ikamwingia Nastaran moyoni. Kumbe mimi ni salamu tu! Simu ikalia jioni, hakuipokea. Ikalia tena, akaifunika kwa mto. Alichotaka kukijua kilikuwa kimoja: je, mtu huyu ana neno lolote lililo lake yeye peke yake?

Farhang akaja dukani suti imepigwa pasi, kanyoa, kajipaka maji ya waridi. "Niwe fidia—"

"Hayo mpelekee Bi Touran! Mimi nipe lako."

Jasho likamtoka Farhang. "Mimi... Nastaran..."

"Anataka kusema—" akadakia muuza viungo wa jirani.

"Nyamaza, baba!" Nastaran akamkemea. "Mwache afike mwisho."

"Mimi... Nastaran... nyumba moja... asubuhi... chai..." Akafumba macho, akakitafuta kitenzi kama mtu anayepapasa ufunguo gizani. "Kunywa."

"Nani anakunywa?"

"Sisi."

"Lini? Jana? Leo?"

Akafikiri sana. "Mpaka... kufa."

Hata muuza viungo akaiacha mizani yake. Sentensi ile haikuwa na kiungo kizima, lakini hakuna mtu aliyewahi kuambiwa vile, si Bi Touran wala mwingine. Nastaran alikuwa na jibu la bibi harusi tayari ulimini, lile la kuomba kwanza ruhusa ya wakubwa, jibu lililonyooka na linalotolewa na kila mwanamke wa Kiirani. Akalimeza.

"Mimi," akasema, machozi yakimlenga, "Farhang... kukubali."

Farhang akafumbua macho. Akamtazama, halafu akaangua kicheko kikubwa cha furaha, akamnyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Kosa!" akasema. "Nastaran... kitenzi... kosa!"